Kombe Lisiloonekana Pichani

Siku niliyoishika kichwani kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na bibi yako anisamehe huko aliko, ni ile tuliyokwenda Kitahana na ndoo ya maharage.

Nakuita mwanangu ingawa wewe ni mtoto wa mwanangu. Kwetu sisi mtoto wa mtoto ni mtoto, hakuna haja ya kuhesabu ngazi. Na kama maandishi haya yanapanda na kushuka, vumilia. Niliishia darasa la nne, tena la nne lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa.

Jumapili ulikuja hapa nyumbani na wenzako wawili wa chuo. Mkanionyesha kwenye simu ile picha ya zamani iliyotundikwa ukumbini kwenu, ya timu ya kwanza ya chuo, timu ambayo haikufungwa mwaka mzima. Mkanitafuta nilipo, mkanikuta nyuma, mwembamba kama ufito, masikio yametangulia. Mkacheka sana. Kisha ukauliza, "Babu, mbona timu haijafungwa na kombe halipo? Na mbona wote mmekutanisha viganja kama mnaoomba?"

Kabla sijajibu mkaingia kwenye habari zenu. Kwamba na nyinyi mwaka huu hamjafungwa. Kwamba Jumamosi mnakwenda Kitahana, na kocha amewaambia msile cha watu kule, msinywe maji yao, msiwape mikono, na uwanjani muingie kwa nyuma kupitia shamba la muhogo. Mwenzako yule mwenye nywele za kuchongwa akasema, "Babu, kule hatari, wanaloga wale." Mimi nikafumba macho. Mkadhani nimesinzia mkaondoka kwa kunyata. Sikusinzia, mwanangu. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Basi naanzia jikoni, maana ndiko nilikokuwa.

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa kipya, mabati yanang'aa hata ukiwa mlima wa pili unayaona. Mtabila ilikuwa pori tupu. Kambi ya wakimbizi haijaja wala haijaondoka. Wanafunzi walikuwa wachache, wengi wa mbali, wametoka Tanga, Mbeya, Singida, wameletwa huku kwenye baridi yetu ya asubuhi wanatetemeka kama vifaranga. Wa kucheza mpira hawakutimia. Ukimtoa mwenye miwani na yule aliyesema mpira ni dhambi, timu haikai. Mkuu wa chuo akasema wafanyakazi nao ni wa chuo, wacheze. Akachukuliwa mlinzi, akachukuliwa dereva wa lori, na mimi mpishi nikachukuliwa kudaka.

Sikuchaguliwa kwa ufundi. Nahodha alikuja jikoni akanikuta nasonga ugali kwenye lile sufuria la chuo, sufuria ambalo mtoto angeweza kujificha ndani. Akatazama mikono yangu, akasema, "Huyu mpira hautamponyoka." Ndipo nikaitwa Mwiko. Jina langu la ubatizo, Zabroni, likabaki kanisani.

Nahodha huyo aliitwa Shomari, kijana wa Tanga. Mwanangu, mimi nimeona watu wakicheza mpira, na sasa nawaona kwenye televisheni pale dukani, wanalipwa fedha za kununua wilaya nzima. Lakini Shomari alikuwa akiupokea mpira unanyamaza. Kama mtoto anayelia akapewa mama yake. Aliongea Kiswahili cha kwao kitamu mpaka ukimsikiliza unasahau ulichotumwa. Kosa lake dogo ni kwamba alicheka salamu zetu. Alipowaona Waha wanasimama njiani, wanainama, wanapiga makofi taratibu na kuulizana habari za nyumba, za ng'ombe, za mvua, alikuwa akisema, "Nyinyi mnasalimiana au mnashangilia?" Tukawa tunacheka naye. Alikuwa mgeni.

Jezi zetu zilikuwa fulana nyeupe tulizozitia bluu ya kufulia. Jasho likija, bluu inateremka mpaka kwenye kaptula, ukirudi nyumbani una kitovu cha bluu. Viatu walikuwa navyo wachache. Kombe la mashindano lilichongwa na fundi seremala wa chuo kwa mti wa mninga, lina masikio mawili, zito kama mtoto wa miezi sita. Lingekwenda kwa timu itakayoongoza Kasulu na Kibondo zikichanganywa.

Tukaanza kushinda. Mechi ya kwanza ya ugenini tulikwenda Kitanga, tukashinda, na baada ya mechi wenyeji wakatuchinjia mbuzi. Tulikula pamoja nao kwenye majani ya migomba, tumekaa chini, waliofungwa na waliofunga, mpaka yule beki wao aliyenipiga teke la mbavu akawa ndiye anayenimegea nyama. "Kula, Mwiko," ananiambia, "mbavu zipone." Mpaka leo nikisikia harufu ya mbuzi wa kuchoma mbavu hii ya kushoto inakumbuka. Nikwambie kweli, furaha yote ya mwaka ule ilikuwa pale, mwanzoni, tulipokuwa bado hatujui kwamba sisi ni wazuri.

Maana mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tulivyozidi kushinda, watu wa sokoni Kasulu wakaanza kutujua. Wenye maduka ya nguo wakatuita kwa majina. Nikipita kununua chumvi ya chuo nasikia, "Mwiko, usifungwe!" Mwanzo ilikuwa tamu. Baadaye lile neno "usifungwe" likaanza kukaa tumboni kama jiwe. Mwanzo tulikuwa tunacheza. Sasa tukawa tunalinda. Shomari akaacha kucheka. Akaanza kusimulia habari za timu aliyoijua kwao iliyopoteza kila kitu kwa sababu ya yai lililozikwa golini. Tukaanza kuingia uwanjani kwa nyuma. Tukaacha kuwapa watu mikono. Beki mmoja akakataa kufua soksi zake kwa sababu alishinda nazo, na lori zima likailipia dhambi hiyo. Mwisho Shomari akatoa amri: ugenini hatuli, hatunywi, mpaka mashindano yaishe.

Na mechi ya mwisho ilikuwa Kitahana.

Hapa, mwanangu, tega sikio. Kitahana ndiko alikoolewa dada yangu Felista, bibi yako yule mnayempelekea sukari. Alikuwa ameolewa na Bukuru, mtoto wa kwanza wa mapacha wa Mzee Ntahondi, na Bukuru huyo ndiye aliyekuwa mshambuliaji wa Kitahana. Miaka ilikuwa imepita na Felista hajapata mtoto. Unajua maneno ya vijijini. Mama mkwe wake, Mama Bukuru, hakuwa mtu mbaya, lakini shangazi za upande ule walikuwa wakipita wanauliza kwa sauti kama huyu mwanamke ana kwao, mbona hatuoni ndugu wakija. Sisi tulikuwa mbali, baba alishafariki, na mimi kazi ya jikoni haina likizo. Kwa hiyo Felista aliposikia timu ya kaka yake inakuja, aliwaambia wakweze, "Wageni hawa ni wa kwetu, nitawapikia mimi." Alimtuma dereva wa basi aniambie nije na njaa. Siku ile, mwanangu, ilikuwa ndiyo siku yake ya kuonyesha kwamba ana kwao.

Nikamwambia Shomari. "Nahodha, kule ni kwa dada yangu. Anapika."

Akaniambia, "Mwiko, dada yako nampenda kama dada yangu. Lakini chakula hakipikwi na mtu mmoja. Kuna anayeleta kuni, kuna anayeleta maji. Wewe mpishi, unajua."

"Basi tutakula nini?"

"Utapika wewe. Tunabeba."

Nikapika wali na maharage kabla hakujapambazuka. Shomari akasimama juu yangu kama polisi. Nilipoepua tu, chakula bado kinachemka, akasema tia kwenye ndoo. Nikatia. Akafunika, akafunga kifuniko kwa kamba mafundo sijui mangapi, ili mkono wa mtu usiingie, halafu akaikalia ndoo hiyo ndani ya lori kutoka Kasulu mpaka tulipovuka daraja la Malagarasi, mpaka Kitahana kwenyewe, jua linapiga turubai na vumbi linaingia. Mimi mpishi nilikuwa na neno la kusema kuhusu chakula cha moto kufungiwa hivyo. Sikulisema. Nilikuwa nawaza uso wa dada yangu.

Tulifika jua likiwa juu. Wazee wa Kitahana walikuwa wamesimama mbele ya nyumba ya Mzee Ntahondi, na tulipokaribia wakainama wakapiga makofi, "Mwakeye, mwakeye," ingawa asubuhi ilishapita, basi tu kwa heshima. Mikeka imetandikwa. Ugali wa muhogo umekaa kama vichuguu, sombe, hicho kisamvu chetu, ya mawese, dagaa wa Kigoma, kuku wa kutosha. Mzee Ntahondi, mtu mfupi mwenye sauti ndogo, akasema, "Kuku wamechinjwa na Salumu wa dukani, tulimfuata makusudi, ili Waislamu wenu wasipate shida."

Umeona walivyofikiri mpaka huko?

Kisha Mama Bukuru akapiga magoti, akamega ugali, akachovya kwenye sombe, akala mbele ya macho yetu. Akafanya hivyo kwa kila bakuli. Ndiyo desturi yetu, mwenye nyumba huonja kwanza. Maana yake ni kwamba kama kuna baya humu, limeanza na mimi. Ukishaonjewa hivyo, hakuna lililobaki kuuliza. Kukataa baada ya hapo si kukataa chakula. Ni kumwambia mtu kwamba hata mwili wake mwenyewe ni mwongo.

Felista akaja na jagi na beseni la kunawa. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Akaanza na nahodha, kama inavyopasa. Shomari akaweka mikono nyuma.

"Tunashukuru, dada," akasema, "sisi tumeshiba."

Na tumbo lake likanguruma, mwanangu, kila mtu akasikia.

Felista akasogeza beseni. Akaenda kwa wa pili, naye mikono nyuma. Wa tatu hivyo hivyo. Akapita mstari mzima akiwa amepiga magoti, jagi limejaa, hakuna tone lililomwagika. Mama Bukuru anatazama. Wale shangazi wanatazama, mmoja ameshaanza kumgusa mwenzake kiwiko. Akafika kwangu mimi, wa mwisho.

Hakuniangalia usoni. Aliangalia mikono yangu tu.

Nikainyoosha. Akanimwagia maji. Nikala, mwanangu. Nilikula kama watu kumi, nikala sehemu ya Shomari na ya yule wa soksi, nikaomba sombe tena. Sikuwa na ushujaa wowote. Nilikuwa na dada. Bukuru shemeji yangu akaja akakaa nami, akala bila kusema, naye ndiye atakayenipigia mashuti baadaye. Wenzangu walikuwa nyuma ya lori wanafungua mafundo.

Nilipowarudia Shomari akaniuliza, "Umekula?"

"Nimekula."

"Ukifungwa leo, Mwiko, sababu tunaijua."

"Na nisipofungwa?"

Akanitupia jezi yangu. Hakuwa na mdakaji mwingine.

Mpira ukaanza. Mwamuzi alikuwa bwana shamba, mtu wa Mbeya, hana upande. Tulianza vizuri. Shomari aliwapita watu kama anawapangusa vumbi, na mimi nikaokoa mashuti ya Bukuru, moja kwa kidevu. Lakini kabla ya mapumziko nikamwona mlinzi wetu, aliyekuwa akicheza beki, anasimama, anashika kiuno, anatazama mbali kama mtu aliyeitwa na mjomba. Kisha akatoka mbio kuelekea migombani. Watu wakacheka. Akafuata dereva. Kisha winga wetu, ana mpira mguuni, akauacha hapo hapo akaondoka.

Mashabiki wa Kitahana walifurahi nusura wafe. "Leteni majembe," anaita mmoja, "wageni wanatutilia mbolea!" Mwingine, mama mmoja mnene, "Walisema wameshiba, kumbe walisema kweli!" Lakini wenzangu hawakucheka. Nilisikia beki wa soksi anasema, meno yamebana, "Wametuloga. Si niliwaambia." Na Shomari, uso umekuwa wa majivu, jasho la bluu linamtiririka mpaka magotini, anajikunja katikati ya uwanja na bado anasema, "Simameni. Simameni." Hakutoka. Alikuwa anaona mwaka mzima unamwagika.

Baada ya mapumziko ikawa mbaya zaidi. Mwamuzi akahesabu, akasema timu ikibaki watu chini ya saba mchezo umekwisha na wenyeji wameshinda, ndiyo kanuni. Tulikuwa saba, na huyo wa saba anayumba. Bukuru akapata mpira. Mbele yake hakuna mtu isipokuwa mimi, shemeji yake, niliyeshiba sombe ya mkewe. Akaja polepole. Nikatoka golini nikatanua mikono.

Hapo Mzee Ntahondi akaingia uwanjani.

Alitembea na fimbo yake kama anakwenda kuangalia shamba. Akaufikia mpira mguuni pa mwanawe, akainama, akauokota, akauweka kwapani.

Vijana wa Kitahana wakapiga kelele. "Mzee, toka! Mzee, kombe hilo!" Bwana shamba akapuliza filimbi mpaka akachoka.

Mzee akamwuliza mwanawe, kwa ile sauti yake ndogo ikabidi wote tunyamaze, "Ukifunga hili utasimulia nini?"

"Kwamba tumewafunga, baba. Hawajafungwa na mtu."

"Uliwafunga wakiwa wanacheza, au wakiwa wamechuchumaa?"

 Mtu mmoja akacheka, kisha wengi.

"Mgeni akiumwa uani kwangu, ni mimi ninayeumwa," mzee akasema. "Mwamuzi, andika mvua imenyesha."

"Mzee, mvua gani, jua linawaka."

"Basi andika unachotaka. Mechi ni kesho. Leo tuna wagonjwa."

Akaondoka na mpira kwapani. Sasa tungecheza na nini? Watu wakatawanyika.

Wenzangu waliozidiwa walibebwa nyumba hii na hii, mpaka zile za wale shangazi. Mama Bukuru akaifuata ndoo yetu nyuma ya lori, akainua kifuniko, akageuza uso. Maharage yalikuwa yanatoa povu. "Nani aliyefungia chakula kikiwa cha moto?" akauliza. Wote walionitazama walikuwa wanafunzi wa ualimu, mwanangu, na hakuna aliyenyoosha kidole kwa aliyetoa amri. Wote walinyoosha kwa mpishi. Na mpishi ndiye mimi. Nikasema, "Mimi, mama." Akasema, "Na wewe ndiye mzima. Mungu ana mambo yake."

Basi uchawi wa Kitahana ulikuwa huo: maharage yetu wenyewe, yaliyopikwa na mimi na kukaliwa na nahodha. Mkataa pema pabaya panamwita.

Jioni ile Felista alichemsha majani ya mpera na uji mwembamba wa ulezi, akaenda nyumba kwa nyumba. Kwa Shomari aliingia na mama mkwe wake, maana alikuwa amelala chumba cha mbele kwa Mzee Ntahondi na hali yake ilikuwa mbaya kupita wote. Nilikuwepo, nimemshika kichwa. Felista akamkabidhi mama mkwe kikombe. Mama Bukuru akaonja kwanza. Kwa mtu ambaye asingeweza hata kumfukuza nzi, bado akaonja, kisha akampa.

Shomari akanywa. Machozi yakamtoka, akasingizia moshi. Hakukuwa na moshi.

Mzee Ntahondi alikuwa ameketi mlangoni. Akasema, "Mwalimu," maana wanafunzi wote wa chuo aliwaita walimu, "nikwambie neno, ukiweza kusikia."

"Nasikia, mzee."

"Mchana ulipokataa chakula cha nyumba yangu sikukasirika. Nilikuonea huruma. Wewe hukuogopa sombe yetu. Unaogopa kufungwa, na mtu akiogopa kufungwa kiasi hicho, ameshafungwa. Ni kamba tu hajaiona. Mimi ujanani nilikuwa napigana mieleka, na kila kijana wa rika langu amewahi kuniangusha. Nimekula udongo wa Kibondo yote. Leo hii hakuna anayekuja hapa kuniuliza niliangusha wangapi. Wanakuja kuniuliza kama kuna uji."

Kisha akamgeukia Felista, na haya ndiyo maneno niliyoyafuata Kitahana bila kujua. Akasema, "Binti yangu, umewapitia na maji wote wakakukataa, na jioni umewapitia na uji. Atakayeuliza tena kama una kwenu, mlete kwangu mimi nimwonyeshe kwenu ni wapi." Shangazi mmoja alikuwa dirishani. Hakuuliza tena, wala siku ile wala nyingine. Watoto Felista alikuja kuwapata, tena wengi mpaka akachoka, lakini nataka ujue heshima yake ilitangulia watoto.

Asubuhi tulikula wote. Nani angekataa? Shomari alitoka nje ya nyumba, akawakuta wazee wamekaa juani. Akasimama. Akainama, akakutanisha viganja, akapiga makofi taratibu kama alivyowaona Waha wakifanya, akasema "Mwakeye" kwa ulimi wake wa Tanga, na lilitoka vibaya sana. Wazee hawakucheka. Walipokea, wakamwuliza habari za nyumbani kwao, za baba, za mama, za samaki, na yeye akajibu zote bila haraka.

Tukacheza. Bukuru alinifunga goli moja, zuri, sikuliona. Shomari akasawazisha. Nikasimama golini nikagundua kwamba sina lile jiwe tumboni. Nilidaka nikicheka, na mashabiki wa Kitahana wakaanza kuniita Shemeji. Ikaisha moja kwa moja. Sare. Kwa hesabu za mashindano sare ilitutosha, kombe letu, na mwaka mzima hatukufungwa.

Bwana shamba akamkabidhi Shomari lile kombe la mninga. Shomari akalishika masikio mawili, akalitazama, kisha akavuka uwanja mpaka waliposimama wanawake, akapiga magoti mbele ya Mama Bukuru, akampa. Hakutuuliza. Tulikuwa tumelitaka kombe lile mwaka mzima, mwanangu, na hakuna hata mmoja wetu aliyefungua mdomo. Mama Bukuru akaligeuza geuza, akasema, "Hili litafaa kwa togwa."

Ndiyo maana picha haina kombe. Mpiga picha wa Kasulu alituuliza kama nyinyi mlivyouliza, nasi hatukuwa na cha kushika. Shomari akasema basi tushike salamu. Hatuombi pale, mwanangu. Tunawasalimu watu wa Kitahana.

Wengi wa pichani wameshatangulia. Shomari alifundisha mpaka akastaafu huko kwao, na alipokufa watoto wake walinipigia simu, nikapiga makofi yale ya salamu kwenye simu. Sijui kama walielewa.

Sasa neno langu, na mkono umechoka. Watu husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi naongeza, asiyekubali kulishwa si mgeni, ni mvamizi. Kutofungwa si mali yako peke yako. Ukimwona mtu hajaanguka, jua kuna waliomwona anayumba wakamshika. Sisi hatukufungwa mwaka ule kwa sababu kuna mzee aliyeingia uwanjani akabeba mpira kwapani, na hilo halikuandikwa chini ya picha. Kwa hiyo pita mlango wa mbele. Wape watu mikono. Ukifungwa, utafungwa ukiwa umeshiba, na hilo halijaua mtu. Mwambie na kocha wako, kwa adabu, kwamba babu yako alishabeba ndoo kabla yake.

Jumamosi, kabla ya mechi, kampeleke yule rafiki yako mwenye nywele za kuchongwa kwa bibi yako Felista. Nyumba ni ile ile, bati ndilo jipya. Atawatolea togwa kwenye kombe la mninga lenye masikio mawili, moja limevunjika, lina weusi wa mawese wa miaka mingi. Ni la Mama Bukuru, akamwachia yeye alipofariki. Macho ya dada yangu hayaoni vizuri tena na mikono inatetemeka, lakini ataonja kwanza. Akishaonja, pokea kwa mikono miwili, unywe usibakize.

Mungu, Imana wa baba zetu, akupe miguu myepesi na tumbo lisilo na hofu. Akupe wa kushinda nao, na siku ya kuyumba akupe mzee wa kuingia uwanjani kwa ajili yako. Nenda salama, urudi salama, na ukirudi usianze kwa kuniambia matokeo. Anza kwa kuniambia dada yangu hajambo.